KABLA YA SABUFA: Jinsi Redio ya Valvu Ilivyovuliwa Ufalme Urambo

Jumamosi jioni pita mtaa wowote pale Urambo mjini, utasikia sabufa tatu zinagombana kwa wakati mmoja. Moja singeli, moja injili, moja bongo fleva ya zamani. Kila nyumba ina bezi yake, na jirani akilalamika anaambiwa na yeye akanunue ya kwake. Sasa vuta picha miaka sabini nyuma. Mji huo huo, jioni hiyo hiyo, na kama kuna muziki wa redio basi unatoka kwenye sanduku moja la mbao, ndani ya nyumba ya mtu mkubwa, na wengine wote wanasikilizia dirishani.

Hii ni stori ya jinsi lile sanduku lilivyovuliwa ufalme na kidude kidogo kuliko punje ya harage. Haina staa. Walioibeba hawana majina kwenye vitabu: mkulima wa tumbaku, fundi redio wa barazani, mama mwenye nyumba aliyekatazwa kugusa kitufe, mkimbizi aliyekesha na redio sikioni. Lakini kama si wao, kile kidude kingebaki kuwa habari ya maabara za Marekani tu.

Kwanza mahali penyewe, maana kuna watu wakisikia Urambo wanawaza tumbaku basi. Urambo iko kama kilomita 90 magharibi ya Tabora, kwenye reli ya kwenda Kigoma. Jina linatokana na Mtemi Mirambo, yule jamaa aliyewatoa jasho wafanyabiashara wa Tabora kwa kuwafungia njia ya misafara ya kwenda Ujiji, akafariki 1884. Enzi zake ukitaka kujua msafara unakuja ulisikia ngoma ya kirangozi mbele ya wapagazi. Reli ikafika Tabora mwaka 1912, Kigoma 1914, na ngoma ya kirangozi ikapokewa na honi ya treni. Halafu 1947 Waingereza wakaja na lile wazo lao la kulima karanga kwa matrekta. Walichagua sehemu tatu: Kongwa, Nachingwea na Urambo. Mwaka 1951 mradi ukazikwa rasmi, hela za walipakodi wa Uingereza zikiwa zimeyeyuka kwa mamilioni ya pauni. Karanga ziligoma. Lakini mashamba yaliyofyekwa na barabara vilibaki, na tumbaku ikachukua nafasi. Hiyo tumbaku ikumbuke, itarudi baadaye kidogo.

SANDUKU LENYE MOTO NDANI

Redio za wakati huo zilikuwa za valvu. Kama hujawahi kuiona, valvu ni kitu kama balbu ndogo ya kioo, imenyonywa hewa yote, ndani ina vipande vya chuma na waya unaowaka wekundu wa makaa. Mwingereza John Ambrose Fleming aliitengeneza ya kwanza 1904, na Mmarekani Lee de Forest akaongeza kipande cha tatu mwaka 1906. Kipande hicho cha tatu ndiyo siri yote. Waya ukipata moto unarusha chembe za umeme kuelekea bamba la upande wa pili, na pale katikati kuna wavu mwembamba. Mawimbi dhaifu kutoka kwenye antena yanatikisa ule wavu, wavu unabana au unaachia mto mkubwa wa umeme unaopita. Sauti ndogo inaamuru umeme mkubwa. Hapo ndipo neno ampilifaya linapoanzia, na kila spika unayoisikia leo inatumia wazo lile lile.

Tatizo ni njaa. Redio ya kawaida ya mezani yenye valvu tano ilikula wati 40 au 50 za umeme ili itoe sauti ya wati 4 hivi. Zilizobaki zote zinaondoka kama joto. Ndiyo maana yale masanduku yalikuwa na matundu mgongoni, na paka wa nyumbani alipenda kulala juu yake. Ukiwasha, haisemi kitu. Unasubiri nusu dakika valvu zipate moto, kisha sauti inakuja polepole kama mtu anayeamka. Nyingine zilikuwa na jicho la kijani kioni, valvu maalumu inayofumba na kufumbua kukuonyesha kama stesheni imekaa sawa. Watoto wa enzi hizo walilitazama lile jicho kama watoto wa leo wanavyotazama simu.

Na ilikuwa hatari, tena siyo kidogo. Ndani ya redio ya umeme mlikuwa na volti 250 na zaidi, na kapasita zake ziliweza kushika chaji hata baada ya kuzimwa. Mtu aliyeingiza mkono bila kujua alitupwa.

Sasa fikiria hiyo kitu kijijini, pasipo na nguzo ya umeme. Valvu za betri zilikuwepo, lakini zilitaka umeme wa aina mbili kwa mpigo: volti moja na nusu hivi ya kuwasha waya, na volti 90 za kuvuta chembe. Kwa hiyo lilitengenezwa boksi zito la betri, ndani yake seli ndogo ndogo zimepangwa kwa makumi. Mfano mzuri upo jirani tu. Mwaka 1949 kule Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ofisa habari mmoja wa serikali ya kikoloni aliishawishi kampuni ya Ever Ready itengeneze redio ya bei rahisi kwa ajili ya Waafrika. Ganda lake lilikuwa sufuria ya alumini isiyotiwa mpini, imepakwa rangi ya bluu. Watu wakaiita redio ya sufuria na ikapendwa vibaya mno. Redio iliuzwa pauni 5. Betri peke yake shilingi 25, inadumu kama saa 300, ikiisha unatafuta nyingine. Yaani kila ukibadilisha betri mara nne, umeshalipa bei ya redio nzima.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoamua nani asikie na nani asisikie. Karani, mwalimu, mfanyabiashara wa Kihindi au Kiarabu, chifu, padri, bwana stesheni. Hao waliweza kujikongoja. Mkulima wa jembe la mkono, sahau.

Wakati huo huo cha kusikiliza kilikuwa kinaongezeka. Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951, ndogo, kwa majaribio. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, TBC ya kwanza kabla ya hii unayoijua wewe, na Julai 1965 likachukuliwa na serikali likawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Cairo walishaanza kutangaza kwa Kiswahili 1954, BBC wakafuata Juni 1957. Siasa za uhuru zinachemka, dansi linachemka, na sehemu kubwa ya nchi haina kitu cha kudakia hayo mawimbi. Wanaofikiwa ni wale wanaosimama dirishani kwa mtu.

KIDUDE CHENYEWE

Desemba 1947, mwaka ule ule matrekta ya karanga yanahangaika na visiki, wanasayansi wa maabara za Bell huko Marekani walionyesha wakubwa wao kitu kipya. Kipande cha madini ya jemaniamu, kimeguswa kwa ncha za dhahabu, kinaikuza sauti bila kioo, bila ombwe, bila waya wa moto. Kikaitwa transista. John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1956.

Novemba 1954 ikatoka redio ya kwanza ya mfukoni ya transista madukani Marekani, Regency TR-1, transista nne tu, dola 49.95. Mwaka uliofuata Wajapani wa Sony wakaja na ya kwao, na baada ya hapo Japani haikurudi nyuma. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1960, redio za transista zilikuwa zinamiminika Afrika Mashariki.

Tofauti siyo ukubwa peke yake. Ile redio ya valvu ya betri ilikula karibu wati moja nzima. Ya transista, ukiiweka sauti ya kawaida ya sebuleni, inakula kama sehemu ya kumi ya hapo. Hakuna volti 90. Unaweka betri nne za kawaida, zile zile za tochi, zinazouzwa kwenye duka la chumvi na mafuta ya taa. Likiisha jiwe moja unanunua jiwe moja. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Watu husema transista ilishinda kwa sababu ni ndogo, ila kwa mtu wa kijiji cha Urambo ilishinda kwa sababu ya tochi. Mtandao wa kuuza betri ulikuwepo tayari, redio ikaupanda tu kama abiria.

Tanzania yenyewe haikukaa pembeni. Philips walikuwa na kiwanda cha redio Arusha, na Matsushita, wenye jina la National, wakafungua kiwanda Dar es Salaam miaka ya 1960, redio na betri zikatoka humo humo. Kwa wazee wengi wa bara neno National halikumaanisha kampuni, lilimaanisha redio. Bendi mbili, bendi tatu, ganda la ngozi lenye matundu, mkanda wa kuning'iniza begani.

HELA YA TUMBAKU

Sasa mkulima. Hana haja ya jina, maana walikuwa wengi wa aina yake. Amelima tumbaku ya mvuke, amejenga bani la matofali ya udongo, amekesha akichochea kuni ili majani yakauke kwa joto sawa. Mwaka mzima hana hela. Kisha linakuja soko, majani yanapangwa kwa gredi, anapimiwa, anapokea zote kwa mkupuo. Ni wiki moja au mbili ya utajiri. Akirudi nyumbani kuna vitu vinavyojulikana: baiskeli, mabati, vitenge, na redio.

Baiskeli inambeba, mabati yanamfunika. Redio inamfanya awe mtu wa kutafutwa. Saa ya taarifa ya habari ikifika, wanaume wa jirani wanajikuta wana safari za kupita kwake. Anatoa kigoda, anavuta antena, anaweka redio juu ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na hapo hata mtu aliyekuwa na ugomvi naye wa mpaka wa shamba anamwamkia vizuri.

Lakini angalia na upande wa pili, ambao picha za kizamani hazionyeshi. Ile tumbaku hakulima peke yake. Mke ndiye aliyechuma majani, akayafunga kwenye vijiti, akabeba kuni za bani. Hela ikaja kwa jina la mume. Redio ikanunuliwa na mume. Na kwenye nyumba nyingi sheria ilikuwa moja: baba akiwa hayupo redio haiguswi, betri zitaisha. Anayepika anasikia kutoka jikoni kile ambacho baba amechagua. Anayetoka kwenda kilabuni anaondoka na redio begani. Kwa hiyo wakati vitabu vinasema transista iliwapa watu wote sauti, kuna nusu ya watu ambayo ilisubiri zaidi kidogo, na wengine walisubiri mpaka simu zenye redio zilipokuja.

Chombo kile kile cha valvu, jamani, kilikuwa na usawa wa ajabu. Kilikuwa kizito, kinakaa sebuleni kwa mtu mkubwa, hakihami. Anayekitaka anakifuata, mwanamke, mtoto, mgeni, wote wanasimama dirisha moja. Transista ikaja na mkanda wa begani, na anayeshika mkanda ndiye mwenye redio.

FUNDI WA BARAZANI

Mtu aliyeumizwa zaidi na mabadiliko haya, na pia aliyefaidika zaidi, ni fundi.

Fundi wa valvu alifanya kazi kwa macho na pua. Akifungua mgongo wa redio anaona valvu ipi haiwaki. Kama ni usiku ndiyo bora, giza linasaidia. Ananusa transfoma kama imeungua. Valvu inachomolewa kwa mkono kama balbu, miguu saba au tisa, inachomekwa nyingine. Anachohitaji ni kuwa na valvu sahihi, na hiyo hutoka mjini, kwa wenye maduka Tabora, au inaagizwa kutoka Dar es Salaam kwa treni, zaidi ya kilomita 800 za reli. Wateja wake ni wachache na wenye uwezo. Ni fundi wa heshima.

Transista ikaja imelehemiwa. Haichomoki kwa mkono, haiwaki, hainuki. Ikifa inakaa pale pale inakutazama. Fundi mwenye chuma cha kulehemu anachopasha kwenye jiko la mkaa anapaswa kuyeyusha risasi kwenye mguu mwembamba kama unywele bila kuiua transista yenyewe kwa joto. Na jemaniamu haipendi joto. Umeme unaovuja ndani yake huongezeka karibu mara mbili kwa kila nyuzi 10 za joto zinazopanda. Sasa weka redio dirishani Urambo mwezi wa kumi, mvua hazijaanza, jua linakamua. Inaanza kukoroma. Mwenyewe anaipiga kofi. Ikiingia kivulini inapona, na watu wanaamini lile kofi ndilo lililosaidia.

Kuna kioja kingine. Baadhi ya transista za mwanzo za Philips, OC71 kwa mfano, zilikuwa kijichupa cha kioo kilichopakwa rangi nyeusi. Ile rangi haikuwa urembo. Ukiikwangua, mwanga unaingia na transista inaanza kuuitikia kama jicho. Baadaye ikaja transista ya silikoni, inayovumilia joto zaidi ya nyuzi 100, na matatizo mengi ya hivyo yakapungua.

Mafundi wengine wa zamani waliacha. Walioendelea walikuta kitu ambacho hawakukitegemea: wateja mia badala ya kumi. Redio iliyoangushwa kwenye baiskeli, waya wa spika uliokatika, chumba cha betri kilicholiwa na maji ya betri iliyovuja, kitufe cha sauti kinachokwaruza. Kazi ndogo ndogo, malipo madogo, lakini kila siku. Ile baraza yenye meza, magamba ya redio yaliyofunguliwa na nyaya zinazoning'inia, ambayo bado ipo kila mji mdogo wa Tanzania, ni mtoto wa transista. Valvu isingeweza kulisha mafundi wengi hivyo.

1973, REDIO INAPEWA KAZI

Ukitaka kuona nchi ilivyobadilika, angalia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Serikali iliunda vikundi vya kusikiliza redio vijijini. Kila wiki kwa wiki 12 kikundi kinakaa, kinasikiliza kipindi, kinasoma kijitabu, kinajadili, halafu wanaamua cha kufanya: wachimbe choo, wafyeke nyasi karibu na nyumba, wachemshe maji. Walioshiriki wanahesabiwa kuwa kama watu wazima milioni 2. Jaribu kuifanya hiyo kwa redio za valvu. Boksi la betri za volti 90 kwa kila kikundi, katika nchi ambayo vijiji vyake vingi havikuwa na umeme? Isingewezekana. Redio iliyowekwa juu ya kigoda katikati ya duara la watu chini ya mwembe ilikuwa ya transista.

Na televisheni haikuwepo kushindana nayo. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka hiyo ya 1970, lakini bara ilisubiri mpaka 1994. Kwa zaidi ya miaka 30 redio haikuwa na mpinzani sebuleni.

Kuna na wengine waliokuwa wakisikiliza, kwa sababu tofauti kabisa. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yalileta makumi ya maelfu ya wakimbizi Tanzania, na sehemu moja waliyopewa kuanza maisha upya ni Ulyankulu, kaskazini ya Urambo, msitu mtupu wa miombo. Mawimbi mafupi yana tabia yake. Yanapanda juu, yanagonga tabaka la juu la anga, yanarudi chini mbali sana, na usiku stesheni za mbali husikika vizuri zaidi. Kwa mtu aliyekimbia bila kujua ndugu yake yuko hai au la, redio ya bendi tatu haikuwa starehe. Alikesha nayo, sauti ameipunguza, mshale anausogeza unywele kwa unywele kutafuta lugha ya nyumbani.

BETRI ZIKIANIKWA JUANI

Halafu ikaja miaka ya 1980 mwanzoni. Nchi imetoka vita vya Kagera, fedha za kigeni hakuna, maduka yana rafu tupu. Sabuni ya foleni, sukari ya foleni, betri ndiyo usiseme. Ule mlango uliofunguliwa na betri za tochi, ukafungwa na betri zile zile.

Hapo ndipo watu walipokuwa wanasayansi. Betri zilizochoka zilianikwa juu ya bati mchana kutwa ili jioni zitoe taarifa ya habari moja. Siyo uchawi: joto huharakisha kemia ndani ya betri, kinachobaki kinatoka. Wengine walizitoboa kwa msumari na kuingiza maji ya chumvi. Wengine waliongeza betri nje ya redio, sita, nane, zimefungwa ndani ya mwanzi au karatasi ngumu, waya umeingizwa kwa tundu la pembeni. Redio ina mkia. Vijana wa leo mnaofungia power bank kwa raba nyuma ya simu, mmerithi.

Muziki ukachaguliwa. Betri za dakika ishirini huzitumii hovyo. Taarifa ya habari kwanza, matangazo ya vifo yasipitwe, na kama kitu kimebaki, dansi.

KILICHOPOTEA

Na dansi ndilo lililoumia masikioni. Tabora ulikuwa mji wa muziki, hilo lisibishaniwe. Kiko Kids walitoka pale, Nyanyembe Jazz walitoka pale, na Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata waliwatikisa hata watu wa Dar. Muziki ule una gitaa la bezi linalotembea, na besi ya kweli inataka spika pana na hewa ya kusukuma. Santuri ya bendi kama hiyo ukiipiga kwenye redio-gramu ya valvu, sanduku la mbao refu kama jeneza la mtoto, spika ya inchi nane au kumi, sebule nzima inajaa. Ukiisikia kupitia transista ya mkononi yenye spika ya upana wa kikombe, gitaa la bezi linatoweka kabisa. Unalijua lipo kwa sababu ulishalisikia ukumbini.

Wapenda valvu wanasema kioo kina sauti ya joto, na siyo maneno matupu. Valvu ikizidiwa nguvu inakunja kilele cha wimbi taratibu, sikio linaipokea kama unene. Transista ikizidiwa inakata kilele kama panga, sikio linakereka. Zile ampilifaya za mwanzo za transista zilikuwa na ugonjwa mwingine pia, kwikwi ndogo pale wimbi linapohama kutoka transista moja kwenda mwenzake, na ilisikika zaidi sauti ikiwa ndogo. Mpaka miaka ya 1970 wahandisi walikuwa wameidhibiti. Lakini ukweli usemwe: ile redio ya mkononi haikushindwa kwa sababu ya transista, ilishindwa kwa sababu ya spika ndogo na ganda la plastiki. Watu wanalinganisha sanduku la mbao na kikopo kisha wanailaumu transista.

Na mkulima wetu hakulinganisha. Kwake uchaguzi haukuwa kati ya sauti nzuri na sauti mbaya. Ulikuwa kati ya sauti na kimya.

Redio-gramu zenyewe zilikufa taratibu. Valvu zikawa hazipatikani, viwanda vikubwa vikaacha kutengeneza kimoja baada ya kingine, mchwa wakafanya kazi yao kwenye miguu. Nyingine ziligeuzwa kabati la vyombo, na kama unakwenu kuna kabati la ajabu lenye kitambaa cha nyuzi mbele na tundu la duara nyuma yake, lichunguze vizuri kabla hujalitupa. Redio kaseti ikaingia, watu wakaanza kurekodi RTD wenyewe na kugawana kanda.

Kichekesho ni kwamba valvu hazikufa. Zinatengenezwa mpaka leo, Slovakia, Urusi, China, kwa ajili ya wapiga gitaa na watu wenye hela za kutosha kununua ampilifaya ya dola elfu kadhaa inayopasha sebule. Kitu kilichokuwa cha mtu mkubwa wa stesheni kimerudi kuwa cha mtu mkubwa.

Na ile sabufa ya Jumamosi jioni? Imeandikwa wati 5000 kwa mbele, herufi PMPO pembeni. Hizo ni wati za kwenye boksi. Ukimpelekea fundi wa barazani akaifungua, mara nyingi atakuonyesha aisi ndogo nyeusi zenye miguu mitano, zimebanwa kwenye bamba la alumini, zimeandikwa TDA2030. Kila moja inatoa wati kumi na kitu hivi, na ndani yake kuna transista nyingi zilizochorwa juu ya kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha. Ikiungua anaitoa, anapaka mafuta meupe nyuma ya mpya, analehemu miguu mitano, anaichomeka kwenye betri ya sola. Haisubiri nusu dakika kupata moto. Inalia hapo hapo, na jirani anaanza kulalamika.